Siku za Mzee Hulipwa na Nani?

Katika mashauri ya jamaa nyingi za mjini kuna neno moja linalorudi kila mara mzee anapoanza kuchoka: «Tumpeleke kijijini, huko maisha ni bure.» Wasemao hivyo si watu wabaya. Wamehesabu kodi ya nyumba, mfuko wa unga, makala, maji ya kununua kwa bidoni, na dawa za kila mwezi. Wameona ya kuwa mshahara hautoshi. Nao wanakumbuka kwamba kijijini muhogo hutoka shambani, kuni hutoka porini, na maji hutoka mtoni. Basi wanamtafutia mzee nafasi katika lori la Kasenga au la Pweto, wanamfungia mablanketi mawili na mfuko wa chumvi, na kuagana naye.

Leo twapenda kuichungua hesabu hiyo, kwa maana ndani yake kuna kosa. Kijijini si bure. Gharama ya mzee iko huko kama ilivyo Lubumbashi, ila imebadili sura. Mjini hulipwa kwa franka, na kila franka huonekana ikitoka mfukoni. Kijijini hulipwa kwa siku za mtu, na siku za mtu hakuna anayeziandika.

Mtu huyo ni nani? Mara nyingi ni binti asiyeolewa, au mjane aliyerudi kwao, au mke wa mtoto wa mwisho. Pengine ni mjukuu wa miaka 10 aliyetolewa shuleni ili akae na kambo wake. Jamaa ambamo kazi hiyo hufanywa na mwanamume ni chache sana, na jambo hilo peke yake lingetosha kwa mazungumzo ya juma jingine.

Tuchukue mfano wa mama mzee aliyepooza upande mmoja. Wauguzi hufundisha kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya mgongoni na vya nyongani. Hesabuni wenyewe: ni mara 12 tangu asubuhi hata asubuhi ya pili. Tena lazima alishwe polepole, asipaliwe, aoshwe, na matandiko yake yafuliwe, pengine kila siku. Tuseme kazi hiyo ya kuosha na kufua yataka bidoni mbili za lita 20, na kisima kiko mwendo wa nusu saa. Kwenda na kurudi ni saa nzima kwa kila bidoni. Saa mbili zimekwisha kabla uji haujawekwa motoni. Je, binti huyo atalima saa ngapi?

Katika Katanga mvua huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na mahindi hayamngoji mtu. Asiyepanda mvua zinapoanza hawezi kupanda mwezi wa pili akatazamia mavuno mema. Kwa hiyo majuma matatu ya kumwangalia mzee katika mwezi wa kumi na moja si majuma matatu tu. Ni chakula cha mwaka. Kaka aliye mjini hutuma franka kidogo wakati wa Noeli, na kijiji kizima kinamsifu. Ametoa sehemu ya mshahara wa mwezi mmoja. Dada yake ametoa mavuno yote. Lakini siku jamaa wanapokutana, ni nani anayeshukuriwa mbele ya watu?

Kuna na gharama ya njia. Mwenye ugonjwa wa damu kupanda yampasa ameze kidonge chake kila siku, hata siku ile anapojisikia mzima, kwa kuwa ugonjwa huo haupigi hodi. Mjini duka la dawa liko karibu, na shida ni bei tu. Kijijini pengine dispensari haina dawa hiyo. Lazima kulipa pikipiki mpaka hospitali, au kungoja mtu anayetoka mjini. Siku hizi franka hutumwa kwa simu, na ni msaada mkubwa; lakini penye mawasiliano hafifu mpokeaji husafiri kwenda kumtafuta wakala, hukatwa ada, na kurudi siku ya pili. Wakati huo mzee amekaa bila dawa. Tumewaona waliokuwa wakitembea vizuri Lubumbashi, wakapelekwa kijijini bila mtu kuuliza dawa zao zitapatikana wapi, na kabla ya mwaka kwisha wakapooza. Ndipo gharama ndogo ya vidonge inapogeuka kuwa gharama kubwa ya kitanda.

Hapa tungependa kusema neno juu ya macho, maana katika gharama zote za uzee hii ndiyo inayotukera kuliko nyingine. Wazee wengi wanaoitwa vipofu hawana ugonjwa mwingine ila mtoto wa jicho. Upasuaji wake kwa kawaida hauchukui hata saa moja, na wengi huona tena baada yake. Lakini jamaa husema: «Ni uzee tu, tena upasuaji ni ghali.» Basi wanampa mzee fimbo, na mwisho mwingine wa fimbo hushikwa na mtoto. Mtoto huyo humwongoza kambo chooni, kisimani, kanisani, kwa jirani. Mwaka wa kwanza hukosa shule siku moja moja. Mwaka wa pili haendi kabisa. Jamaa wamekataa kulipa mara moja kwa ajili ya jicho, wakalipa miaka minne ya shule ya mtoto, nao hawajui kama wamelipa. Sisi walimu twajua, kwa kuwa katika kitabu cha mahudhurio jina la mtoto huyo tunaliona, na mbele yake mistari mitupu.

Sasa tusije tukaeleweka vibaya, kana kwamba tunasema wazee wote wabaki mjini. Mji una ukali wake. Katika chumba kimoja cha kupanga mzee hulala na wajukuu watano. Asubuhi watoto huenda shuleni, baba kazini, mama sokoni, na mzee hufungiwa mlango kwa usalama wake, akiwa na sahani ya bukari baridi kando yake. Maji ya bomba hukatika, umeme hukatika. Unga hupanda bei mavuno yakiwa mabaya au magari ya mahindi yakikwama upande wa Zambia. Tena si kweli kwamba mjini gharama ni ya franka tu. Mama mwenye meza yake sokoni, akilazimika kubaki nyumbani na mkwe aliyepooza, hupoteza mtaji kwa mwezi mmoja. Na mtaji uliokwisha kuliwa haurudi kwa kuomba. Wengine huajiri msichana wa kazi, wakimpa chakula na mshahara mdogo sana, na hapo mzigo wa jamaa moja umehamishwa juu ya mabega ya binti wa jamaa nyingine iliyo maskini zaidi.

Labda msomaji atauliza: Na pensheni je? Swali ni jema, na jibu lake lina historia. Mwaka 1956 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri juu ya pensheni za wafanyakazi. Baada ya uhuru, mwaka 1961, utaratibu wa INSS uliwekwa, na tangu mwaka 2018 chombo hicho kinaitwa CNSS. Watu wengi wa migodini na wa reli walikatwa sehemu ya mshahara wao miaka mingi, wakiamini kwamba wanaweka akiba ya uzee. Lakini fedha yenyewe iliwaponyoka. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua mahali pa franka 1,000. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilihesabiwa kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja ya Kongo. Wanafunzi wetu wazidishe wenyewe: franka moja ya mwaka 1998 ni sawa na zaire 300,000,000,000 za kwanza. Na franka hiyo moja leo hainunui hata njiti ya kiberiti. Ndiyo sababu mzee aliyefanya kazi miaka 30 haoni matunda yake. Haikuwa kwa uvivu wake wala kwa kutoweka akiba.

Katika miji yetu ya shaba kuna jambo jingine linalokumbukwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa fedha mara moja, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, na fedha hiyo ililipa kwanza madeni. Zamani kampuni ndiyo iliyowapa hospitali, shule ya watoto, na hata unga. Sasa vyote vikawa vya kununua. Aliyekuwa na miaka 50 wakati ule amekwisha kupita 70 leo. Watoto wake ndio wanaoketi katika mashauri tuliyoyataja hapo mwanzo.

Na hao walau walikuwa na kitabu cha kazi. Mkulima wa Kasenga, mvuvi wa Luapula, mama muuza samaki wakavu, fundi wa baisikeli, hawakuwa nacho kamwe, nao ndio walio wengi katika nchi yetu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, yasema kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Na kifungu cha 49 chawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Shule za msingi za Serikali zimetangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019. Na tangu mwaka 2023 Serikali imeanza kulipia uzazi katika mahospitali, kwanza Kinshasa. Haya ni mema, hata kama utekelezaji wake una mapungufu ambayo kila mwalimu aweza kuyasimulia. Lakini mtu huyo anayezaliwa bure na kusoma bure, akizeeka hakuna mpango wa taifa unaompa franka hata moja kila mwezi kwa sababu ya uzee wake. Nyumba za wazee wasio na watu, za masista au za Serikali, zipo katika miji kadhaa. Nafasi zake ni chache. Kwa hiyo mzigo unabaki kwa jamaa, na ndani ya jamaa unabaki kwa mtu mmoja.

Gharama isiyosemwa kwa jina lake hupewa jina jingine. Biashara ya mtoto ikianguka, mjukuu akiugua, watu waliochoka huanza kunong'ona ya kuwa mzee «anakula» bahati ya nyumba. Katika mwezi wa tisa wa mwaka 2021, huko Kivu ya Kusini, wanawake wazee kadhaa waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, kwa kusingiziwa uchawi. Hatusemi kwamba uovu huo watoka katika umaskini peke yake. Uongo wa manabii wanaolipwa una sehemu yake kubwa. Twasema tu kwamba mahali ambapo kila mtu anajua mzee anagharimu kiasi gani, na nani analipa, minong'ono ya namna hiyo hupata shida kuingia.

Tumezoea kufundisha amri ya nne kwa watoto wadogo, kana kwamba yahusu tu mtoto anayetumwa maji akakataa. Katekisimu yasema zaidi ya hapo: watoto waliokuwa watu wazima wawape wazazi wao msaada wa mali na wa moyo katika uzee na katika ugonjwa. Amri hiyo haikusema binti peke yake, wala aliyebaki kijijini peke yake.

Na tusidanganyane kwamba fedha hazipatikani kamwe. Zinapatikana siku ya matanga. Tumeona jamaa walioshindwa mwaka mzima kununua godoro la mgonjwa, nao katika siku tatu wakanunua sanduku la mbao nzuri, wakakodi gari, wakapika kwa watu 200, wakashona nguo za kitambaa kimoja. Kumzika mzazi kwa heshima ni jambo jema, na hatutaki watu waache desturi hiyo. Lakini nusu tu ya fedha ile, kama ingalikuja mapema, ingalilipa vidonge, na jicho, na kibarua wa shamba kwa misimu miwili.

Tumetaja kibarua, nasi tunalo la kusimulia. Jamaa mmoja tunaowafahamu, ambao hatutawataja kwa jina, ni watoto watano. Wanne wako Lubumbashi na Likasi, na binti wa tatu anakaa na mama yao kijijini karibu na Luapula. Mama alipopooza, wale wanne walituma sabuni na sukari, wakaona wametimiza. Mwaka wa pili binti alipanda lori akaja mjini wakati wa kiangazi, akawaomba wakae pamoja. Hakulia wala hakulaumu. Alisema: «Shamba langu halikulimwa. Sitaki mshahara wa kumlea mama yangu. Nilipieni mtu wa kulima wakati wa kupanda, na mtu wa kupalilia, ili watoto wangu wale.»

Mkubwa wao alitaka mambo yaandikwe katika daftari: nani atatoa nini, na mwezi gani. Mke wake akaona haya, na ndugu wa nne akakasirika, akasema: «Yaya, je, mama amekuwa duka, hata tumwandikie deni?» Dada yao akamjibu: «Ndugu yangu, sikusema mama ni duka. Nasema mwaka jana hatukuvuna.» Hapo wakanyamaza, na daftari ikaandikwa.

Walipatana hivi. Wawili wenye mishahara wanalipa kibarua wa shamba na dawa. Yule mwenye duka dogo anatuma sabuni, mafuta na mashuka. Na kila mmoja, kwa zamu, anakwenda kijijini majuma mawili kwa mwaka ili dada apumzike, au atembelee watoto wake, au alale usiku mzima bila kuamka. Jambo la zamu lilileta ugomvi kuliko fedha. Kutuma franka ni rahisi. Kumwosha mama yako kwa mikono yako ni shida, hasa kwa mwana mwanamume, na desturi zetu zina makatazo yake. Waliamua kwamba akienda kaka, aende pamoja na mke wake au binti yake mkubwa, naye mwenyewe atachota maji, atapasua kuni, na kumnyanyua mgonjwa. Ndugu wa nne alilipa miezi mitatu, akaacha. Wengine walijaza pengo lake kwa manung'uniko. Daftari yaonyesha hivyo mpaka leo. Mambo hayakuwa matamu. Lakini shamba lililimwa.

Yafaa jamaa wafanye shauri la namna hii kabla mzee hajalala kitandani, wakati angali aweza kuketi kati yao na kusema. Maana tunasahau kumwuliza yeye mwenyewe. Wako wazee wanaotamani kijiji kwa sababu makaburi ya watu wao yako huko. Wako wengine waliozaliwa Kamalondo au Katuba, ambao hawana kijiji kingine ila kile kilichoandikwa katika kitambulisho chao. Kumpeleka mtu wa namna hiyo mahali asipojulikana, kwa watu wasiomdai wala asiowadai, ni kumfanya mgeni katika siku zake za mwisho. Tumwulize pia habari za lupango lake: hati ziko wapi, kwa jina la nani. Watoto wengine humpeleka mzee kijijini ili nyumba yake ipangishwe. Basi kodi ya nyumba hiyo na imfuate mwenyewe huko alipo, maana ni mali yake angali hai.

Na kwa wale ambao wazee wao wana pensheni, hata ikiwa ndogo: kabla ya kumpandisha garini, nendeni ofisini mkaulize atailipwaje akiwa mbali. Wenye pensheni huitwa mara kwa mara wajioneshe kwamba wangali hai. Aliye kijijini, mwendo wa kilomita 200, asipopata habari kwa wakati, huenda akahesabiwa kuwa amekufa. Chukueni picha zake, nakala za kitambulisho na za kitabu cha kazi, ziwe mbili: moja ibaki kwa mtoto wa mjini atakayefuatilia jambo hilo, na ya pili aende nayo mzee mwenyewe, pamoja na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa zake zote.